Simu Inayosali Peke Yake

Saa mbili kasorobo asubuhi, chai yake haijapoa, Osmunda Gama alikuwa ameshawatukana watu kumi na saba, na wote walikuwa wamemshukuru.

Ndiyo kazi iliyomlisha. Alikaa ghorofa ya pili ya Nyumba ya Watani, Iringa mjini, miguu ameikunja juu ya kiti kwa ajili ya baridi, na ukutani mbele yake zilishuka safu za watu wake mia mbili: jina, programu, dakika. Yeye alikuwa Mngoni wa Peramiho. Watu wake wote walikuwa Wahehe, na ilibidi iwe hivyo. Mhehe gani angekubali kuambiwa na Mhehe mwenzake kwamba jana amepoteza saa tano akitazama video za watu wanaofua mazulia? Lakini akisema Mngoni, ah, huyo ni mtani tu, na mtani hajibiwi kwa ngumi.

"Mzee Mdegela, shikamoo ya kinafiki," aliiambia simu. "Jana saa tatu na nusu kwenye mchezo wa kulima mahindi. Mahindi ya kwenye kioo! Na shamba lako la kweli limeota magugu mpaka sungura wanapotelea humo. Nauteka huo mchezo. Ukitaka kuukomboa, nitumie picha ya magugu yamelala chini."

"Mngoni wewe," sauti ya mzee ilijibu, "babu zako walitoka kusini mbio, na mpaka leo hamjajua kukaa mkatulia!"

"Walitulia walipokuta babu zako wamekimbia wakaacha ugali jikoni. Jembe, mzee!"

Kabla ya saa sita picha ingekuja. Ilikuja siku zote.

Waliotunga Kipimo, miaka kumi na tisa nyuma, hawakufikiria watani hata kidogo. Kipimo kiliwekwa ndani ya kila simu kwa sheria, kihesabu dakika ambazo mtu anazimaliza kwenye kila programu. Mwanzo kilitoa michoro, kikatoa maonyo mekundu, kikatoa ushauri wa daktari. Watu waliyafagia yote kwa kidole gumba kama wanafukuza nzi. Ndipo mtafiti mmoja akahudhuria msiba kijijini, akamwona mfiwa asiyeacha simu. Padri alimsihi, hakusikia. Wazee walimkemea, hakusikia. Mara akaja mtani wa ukoo, akampokonya ile simu, akaifunga kamba, akaivisha shingoni mwa mbuzi, na mbuzi akazungushwa matanga mazima kama bibi harusi. Waombolezaji walicheka mpaka wakalia upya. Mfiwa aliikomboa kwa kreti la soda, na hakuigusa mpaka marehemu alipozikwa. Mtafiti alirudi mjini akatupa michoro yake yote.

Tangu hapo kila mtu alikuwa na mtani wa simu. Sheria iliweka mipaka. Kamera ilikatazwa kuchungulia uso wa mtu, kwa hiyo Kipimo kilijua kioo kimewaka, hakikujua jicho liko wapi. Programu haikufunguka bila kidole cha mwenyewe. Mtani naye aliona dakika tu, haoni kilichomo. Aliruhusiwa kutania, kuteka programu na kudai fidia. Hakuruhusiwa kusema uongo. Wala hakuruhusiwa kuuliza jambo kwa dhati, maana mtani akiacha utani, aliyebaki ni askari mwenye orodha ya dakika zako.

Safu ya kumi na nane ilikuwa ngeni. Lustika Kihwele, fundi wa masweta, mjane, umri hamsini na minane, mtaa wa Mtwivila. Alikuwa amehamishiwa kwa Osmunda wiki hiyo kutoka kwa mtani mzee aliyestaafu, ambaye miaka yake ya mwisho kazini aliisinzia. Osmunda alisoma, akashusha kikombe.

Simu: dakika nne. Redio: kumi na mbili. Kipimo: saa nne na dakika kumi na moja.

"Bwana Tasilo," alimwita mkuu wake, aliyekuwa akipita na faili. "Umewahi kuona mtu analewa Kipimo chenyewe?"

Tasilo Haule aliinama akatazama, akavuta midomo. "Kuna watu hulewa hata dawa ya kikohozi," alisema, akaenda zake.

Osmunda alifurahi kweli. Mzaha mzuri hauji kila siku.

"Lustika Kihwele, mtumwa wangu mpya," alianza. "Nimetania walevi wa sinema na walevi wa umbea, leo nimepata Mhehe aliyekalia saa kama kuku akidhani ni yai. Saa nne unatazama saa! Itaangua nini, mama, vifaranga vya dakika? Nakiteka Kipimo chako. Fidia: njoo hapa ofisini kinyumenyume, ukiimba wimbo wa Kingoni."

Sauti ya mwanamke, ya chini, ikaja. "Nirudishie."

"Fidia kwanza."

"Nirudishie, mwanangu. Sitanii."

Hapo ndipo Osmunda alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo ni mtani peke yake angeweza kulifanya. Katika utani hakuna neno tamu kama "sitanii". Mtu akiapa kwamba hatanii, ndiyo kwanza amekolea, na ukilegea utaambiwa hujui mila. Kwa hiyo alifanya alivyofundishwa na bibi yake: akaongeza kuni.

"Aa, hutanii! Basi na wimbo uwe na beti sita," alisema, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Lustika alikata simu.

Siku ya pili safu ya Lustika ilisoma sifuri. Si Kipimo peke yake: simu sifuri, redio sifuri. Siku ya tatu ikawa vilevile. Watu waliotekwa programu hulalamika, hutukana, hutuma picha za kuku waliochinjwa. Hawanyamazi. Osmunda alijaribu kuendelea na Mzee Mdegela na magugu yake, lakini udadisi ulimwasha kama upupu, na mtu mwenye upupu hakai.

Alifungua kumbukumbu za nyuma, kama alivyoruhusiwa. Miaka miwili na miezi mitatu. Kila siku, saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, Lustika alifungua Kipimo akakaa nacho dakika ishirini. Saa sita kamili mchana, dakika kumi. Saa moja jioni, nusu saa. Zilizobaki zilitawanyika mchana kutwa, vipande vya dakika tano tano. Hakuna Jumapili iliyorukwa, hakuna Krismasi. Siku ya kumbukumbu ya kifo cha mumewe, kama tarehe kwenye jalada ilikuwa sahihi, alikitazama zaidi.

Mtu anayekodolea saa hana ratiba ya hivyo. Hii ilikuwa ratiba ya mtu mwenye miadi. Lakini miadi na nani?

Saa nne asubuhi Osmunda alichukua shali lake akashuka ngazi.

Mila humruhusu mtani kuingia kwa mtani wake bila hodi na kufunua chungu. Osmunda alifanya hivyo hasa. Alipita mlango wa nyuma, akafunua sufuria jikoni, akamimina maneno aliyoyaandaa njiani. "Maharage bila hata kitunguu! Kumbe ndiyo maana..."

Akakatika. Lustika alikuwa amekaa mbele ya mashine yake ya kufumia, amevaa aproni yenye mifuko, mikono ipo juu ya uzi lakini haiendi. Sweta la shule la kijani lilining'inia nusu mwili. Juu ya mashine, pale ambapo wengine huweka kikombe, palikuwa na kishikio cha mbao, na ndani yake simu, moja ya zile za siku hizi nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilikuwa imezimwa.

"Wewe ndiye Mngoni," Lustika alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kula. Sahani ziko pale."

Hakutania. Osmunda alisimama na kifuniko mkononi, akajiona mjinga. Kisha akavunja sheria ya kwanza ya kazi yake.

"Mama," alisema taratibu, "una nini?"

Lustika aliweka uzi kando. Alikuwa mwanamke mrefu, wa kujinyoosha, na ilionekana kwamba kusema kulimgharimu. Lakini siku tatu za kimya zilikuwa zimemchosha.

"Nina binti," alisema. "Imelda. Ana miaka ishirini na minne. Alikuwa novisi kwa masista. Zilibaki wiki mbili aweke nadhiri. Nilikuwa nimealika parokia nzima, ng'ombe yuko zizini, nimewafumia hata watumishi wa altare masweta mapya. Akaja pale mlangoni na sanduku lake, akasema, 'Mama, nimeondoka. Sikuitwa, nilitumwa na wewe.'" Alishika uzi, akauachia. "Nikamwambia asinipigie simu, asije, mpaka siku atakayokuwa na veli kichwani. Nilisema mbele ya watu. Na mimi ni Mhehe, nikishasema nimesema. Yeye naye ni wangu, damu ni hiyo hiyo. Hakupiga."

"Na Kipimo?"

"Hakutoka Jikoni."

Osmunda alielewa mara moja, na moyo ukamruka. Katika Kipimo, watu wa nyumba moja huwekwa kwenye kundi liitwalo Jiko, wanaona dakika za wenzao kama wanaokula chungu kimoja. Mtoto akishahama, hubonyeza alama ya kutoka, mambo yamekwisha. Imelda hakubonyeza.

"Kwa hiyo naziona dakika zake," Lustika alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata uhai. "Saa kumi na moja na dakika tano anafungua Sala na Masomo. Dakika ishirini! Nikiona inahesabu, napiga magoti hapa chini na mimi nasali. Saa sita anasali Malaika wa Bwana. Saa moja jioni, Rozari. Usiku anasikiliza redio, anatazama mapishi. Mwaka jana alitazama mapishi ya maandazi wiki nzima, nikajua yanamshinda." Alicheka kidogo, akafuta pua kwa aproni. "Ameacha utawa, lakini Mungu hajamwacha. Siku tatu hizi sijui kama amelala wala kama ameamka. Nikaona kama huyo haonekani, redio ya nini?"

"Imelda anajua kwamba unamtazama?"

"Atajuaje? Yeye hafungui Kipimo hata siku moja. Kwenye safu yake kiko sifuri, miaka miwili."

Hilo ndilo jibu ambalo Osmunda aliomba asilisikie. Sheria ya Jiko ilikuwa fupi: mtu mzima hatazamwi bila kujua. Mtoto akitimiza miaka ishirini na mmoja, mtani wa familia humpelekea barua yenye vitufe viwili, kubaki na kutoka. Yule mzee aliyestaafu alikuwa amesinzia hata juu ya barua hiyo. Sasa Osmunda alijua, na kwa kuwa alijua, barua ilikuwa yake kuipeleka. Binti aliyefukuzwa mbele ya watu, akiulizwa kama anataka mama yake aendelee kumhesabia dakika, angebonyeza nini?

Lustika alikuwa ameshausoma uso wake. Aliinuka, akamshika mkono.

"Usimwambie," alisema. "Nakuomba. Nitaimba Kingoni, nitakuja kinyumenyume kutoka hapa mpaka sokoni. Nimebaki na dakika tu, mwanangu. Usininyang'anye."

Osmunda hakula. Alitembea mpaka ofisini akiwa na hasira, na hakujua anamkasirikia nani. Alimhurumia yule mama, hilo halikuwa na swali. Lakini alifikiria pia msichana anayeamka alfajiri huko aliko, anasali, anakaanga maandazi yanaungua, na kumbe kila apumuapo kuna mtu anapiga hesabu. Angekuwa yeye, angetaka kuambiwa. Angekuwa yeye, angebonyeza kutoka kwa kidole cha nguvu.

Tasilo alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Barua iende leo," alisema. "Na kwa sababu uliuliza kwa dhati, nitalazimika kukuandika kwenye daftari la makosa."

"Niandike. Lakini barua nitaipeleka mimi, kwa mdomo. Yule binti ni Mhehe, ni mtani wangu kama mama yake."

"Na akitoka Jikoni?"

"Nitarudi kumwambia mama yake kwamba ni mimi niliyemtoa."

Imelda alikuwa Mafinga. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, pale wanapochana misonobari kwa msumeno wa mwanga, usiotoa vumbi wala kelele, gogo linafunguka tu lenyewe kama mkate. Osmunda alishuka kwenye basi kesho yake saa sita kasoro, baridi ikimkata masikio, akaelekezwa kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi nyuma ya kiwanda. "Chumba cha nne," jirani mmoja alimwambia. "Atakuwepo, saa sita hakosi. Huja mbio kama ameacha maziwa motoni."

Mlango wa chumba cha nne ulikuwa wazi. Ndani sauti nzuri ya kike ilikuwa ikiongoza Malaika wa Bwana, kwa utulivu, sehemu kwa sehemu. Osmunda, aliyelelewa na mapadri, alijikuta amesimama wima na mikono ameikunja. Alingoja sala iishe. Kisha akachungulia.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitanda kilichotandikwa, koti la kazi msumarini, na rafu. Juu ya rafu, kati ya kopo la chumvi na chupa ya mafuta, simu ilisimama imeegemezwa ukutani, kioo kinawaka, ikiusalia ukuta.

Nyuma ya nyumba mafuta yalilia kwenye kikaango. Osmunda alizunguka. Msichana mrefu, wa kujinyoosha, alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa akigeuza mayai, mdomoni ameshikilia kipande cha mkate.

"Simu yako inasali," Osmunda alimwambia.

Msichana aliruka, mkate ukaanguka. "Shikamoo," alisema kwa mazoea, kisha, "Wewe nani?"

"Marahaba. Mimi ni Osmunda Gama, Mngoni, mtani wa simu ya mama yako. Kwa hiyo ni mtani wako pia, na hayo mayai mawili, moja ni langu." Alitaka kuendelea na mzaha, lakini kicheko kilimtangulia, kikamtoka chote, mpaka akashika ukuta. "Samahani. Nimesafiri saa mbili kuja kukwambia unatazamwa ukisali. Kumbe anayesali ni rafu!"

Imelda hakucheka. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mama yuko salama? Niambie haraka. Siku nne Kipimo chake kinasoma sifuri. Simu sifuri, redio sifuri."

Kicheko cha Osmunda kilikatika. "Unajuaje Kipimo chake kinasoma nini? Wewe hukifungui."

"Nakifungua kila siku. Kipimo huanza kuhesabu dakika moja ikitimia. Mimi hutazama sekunde thelathini, nafunga." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nitajie kwanza kama ni mzima."

"Mzima. Ni mimi niliyekiteka, kwa ujinga wangu. Hajui hata kama umeamka."

Imelda alikaa juu ya gogo, akafunika uso. Mayai yaliungua. Osmunda aliyaondoa motoni, akakaa kando yake, akangoja. Alipoanza kusema, msichana alisema kwa haraka, kama mtu aliyekariri maneno kwa muda mrefu bila wa kumwambia.

"Mwezi wa kwanza nilipofika hapa niliona saa zake kwenye Kipimo zinapanda. Mama hajawahi kupenda simu. Nikajiuliza anatazama nini, nikajua. Ananitafuta. Basi nikawaza, akitafuta akute nini? Kiwanda hakiruhusu simu, msumeno wa mwanga unaziunguza. Angeona sifuri kutwa, angesema nimekufa. Nikaona nimwekee sala. Nikimwekea sala atalala."

"Na wewe husali?"

"Mimi nasali nikichana mbao, kwa maneno yangu. Hizo za kupangiwa saa zilinichosha utawani." Alivuta pumzi. "Lakini haifunguki bila kidole. Kwa hiyo alfajiri naamka saa kumi na moja, ingawa kazi inaanza saa mbili. Naifungua, naiweka rafuni, naenda kuchota maji. Saa sita natoka kiwandani mbio. Jioni tena. Nilipougua malaria, jirani aliniletea simu kitandani niibonyeze, akadhani naweweseka."

"Na siku hizi nne? Umeona sifuri, umejua hatazami. Leo umeiweka tena kwa ajili ya nani?"

Imelda alimtazama kana kwamba swali halina akili. "Ningeachaje?" alisema. "Je, kama angerudi kutazama?"

Osmunda alikuwa na barua mdomoni, kubaki au kutoka, akaona aibu hata kuitamka. Aliitamka, maana kazi ni kazi. Imelda alisema anabaki. Kisha akamshika mkono kwa namna ile ile ya mama yake.

"Usimwambie kuhusu rafu," alisema. "Sema umenikuta nasali. Mama ana furaha na hizo dakika. Ukimwambia ni simu tupu, atabaki na nini?"

"Mtani hasemi uongo, mwanangu."

"Basi nyamaza tu."

Njia nzima ya kurudi Osmunda alilipima neno hilo, akaliona lina uzito mzuri. Kunyamaza si kusema uongo. Angerudisha Kipimo, mama angepiga magoti sakafuni, binti angekimbia kwenda rafuni, na wote wawili wangelala na amani mpaka mmoja wao afe. Nani angeumia?

Asubuhi iliyofuata aliingia Mtwivila kwa hodi, jambo ambalo mtani halifanyi.

"Anabaki Jikoni," alisema kabla hajakaa. "Nimemkuta Mafinga, kwenye kiwanda cha mbao. Ameulizwa, akasema anabaki. Na alijua tangu mwanzo kwamba unamtazama."

Lustika alishika mashine yake kwa mikono miwili. Machozi yalimshuka bila sauti, na uso wake ukang'aa hivi kwamba Osmunda alitazama pembeni. Alitoa simu yake, akaweka kidole tayari kukiachia Kipimo kilichotekwa. Ilikuwa imebaki kugusa tu, kisha aage aende zake.

"Ulimkuta saa ngapi?" Lustika aliuliza.

"Saa sita."

"Saa sita!" Mama aliunganisha viganja. "Basi ulimkuta kwenye Malaika wa Bwana. Niambie. Alikuwa amepiga magoti, au alisimama? Alikuwa akisimama zamani, magoti yalimsumbua. Niambie alivyokuwa anasali."

Kunyamaza kulikuwa hapo, karibu kabisa, kama kiti. Osmunda alikitazama, akaona kwamba akikikalia, kutakuwa uongo mkubwa kuliko uongo wa kusema.

"Hakuwa anasali," alisema. "Simu ndiyo iliyokuwa inasali. Anaifungua, anaiegemeza kwenye rafu karibu na chumvi, kisha anakwenda kukaanga mayai. Alfajiri vivyo hivyo. Jioni vivyo hivyo. Hizo dakika zote zilikuwa za rafu."

Lustika aliinuka polepole. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili napiga magoti na kopo la chumvi?" Sauti ilimpanda. "Kumbe ni mwongo! Ananidhihaki! Anakaa huko anacheka, mama yake mjinga anamshukuru Mungu kwa simu iliyoachwa wazi! Toka, Mngoni. Chukua na Kipimo chako, toka."

Osmunda aliinuka. Alikuwa amefika mlangoni, moyo mzito, akijilaani yeye na kiapo chake, aliposikia nyuma yake:

"Inajifungua yenyewe?"

"Hapana. Mpaka kidole chake."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Saa kumi na moja alfajiri. Kazi yake inaanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

Osmunda aligeuka. Yule mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, anahesabu kitu, midomo inacheza.

"Na hizi siku nne," alisema, "ambazo sikuweza kutazama. Alijua sitazami?"

"Alijua. Saa sita mchana alitoka kiwandani mbio, akaiwasha. Nimeiona kwa macho yangu."

"Kwa ajili ya nini, kama alijua?"

"Alisema, 'Je, kama angerudi kutazama?'"

Kilichopita usoni mwa Lustika, Osmunda hakuwa na safu ya kukiandikia. Mama alikaa, akasimama, akakaa tena. Alitazama ile simu kwenye kishikio chake cha mbao, iliyozimwa, kwa namna ya mtu anayetazama dirisha ambalo kwa miaka alidhani ni mlango.

"Amekonda?" aliuliza.

Osmunda alifungua kinywa atoe mzaha, akaukosa. "Kidogo," alisema. "Mikono imekomaa. Ana kovu dogo hapa, kidevuni."

"Kovu," Lustika alisema. "Kovu gani? La lini?"

"Sikuuliza. Nikurudishie Kipimo, mama? Huna haja ya fidia."

"Kaa nacho," Lustika alisema. Alikuwa ameshapita mlangoni, na alipofika njia panda ya kwenda stendi ya mabasi ya Mafinga alikuwa anakimbia, bado kavaa aproni ya kufumia, na Osmunda alibaki jikoni kwake akilia peke yake juu ya maharage.